Kupaka rangi kalipa za breki: kazi kubwa ni kusafisha

Ukiishi Tanga, Mombasa au mji wowote wa pwani, kalipa za gari lako hushika kutu mapema. Upepo wa bahari una chumvi, na chuma cha kalipa kipo wazi nyuma ya rimu, kikilowa mvua na kurushiwa tope. Rangi huzuia kutu hiyo na hulipendezesha gari. Lakini wengi hupaka leo, na baada ya miezi michache rangi inabanduka kama ganda. Mara nyingi kosa si la rangi; ni la uchafu ulioachwa chini yake.

Nunua rangi maalumu ya kalipa, au ya injini iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inastahimili nyuzi 260 za Selsiasi au zaidi. Rangi ya mageti haikutengenezwa kwa joto la breki za gari linaloshuka mteremko mkali kama wa Kitonga.

Acha gari lipoe kabisa, mahali tambarare. Legeza nati za tairi, zuia magurudumu mengine kwa mawe, inua kwa jeki, kisha liketishe juu ya stendi na uvue tairi. Jeki peke yake haiaminiki. Si lazima kuifungua kalipa. Ukiifungua, itundike kwa waya, isining'inie kwenye hosi ya breki.

Vaa barakoa. Vumbi la breki ni baya kwa mapafu, kwa hiyo usilipulize kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulioshe. Kikikauka chuma, sugua kwa brashi ya waya hadi magamba ya kutu yaishe, kisha pitisha msasa namba 80 na baadaye 120, hata nyuma ambako vidole hupita kwa shida. Karibu na raba za pistoni tumia mswaki wa zamani, si waya. Malizia kwa dawa ya kusafishia breki. Mimi hufuta kwa kipande cha fulana nyeupe: mara ya kwanza hutoka cheusi, mara ya tatu kijivu, na sishiki brashi ya rangi mpaka kitoke kilivyoingia. Petroli na mafuta ya taa viache kabisa. Huacha utando, huharibu raba, na petroli hulipuka kwa cheche ndogo.

Ukiona pistoni ina majimaji, au raba yake imechanika, simama hapo umwite fundi. Mafuta ya breki hubabua rangi, lakini hilo ni dogo: breki inavuja.

Funika diski kwa mfuko wa plastiki. Ziba kwa tepu ya karatasi raba, pini, hosi na kinati cha kutolea upepo. Usipake pale pedi zinapoteleza, wala uso wa habu unaobanana na rimu, kwa sababu rangi nene hapo inaweza kufanya nati zilegee.

Kwa kazi ya nyumbani napendelea brashi kuliko rangi ya kupuliza, maana unaitawala. Paka mikono miwili au mitatu myembamba, ukisubiri kati yake muda ulioandikwa kwenye kopo. Mkono mnene huchuruzika, na ndani hubaki mbichi. Siku ya manyunyu ahirisha.

Liache gari saa 24, kisha toa plastiki na tepu, urudishe tairi na kukaza nati zake. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedeli iwe ngumu, na baada ya kilomita 100 hivi kaza nati za tairi tena.