Turbo ya tatu

Likizo iliyopita sikupumzika hata kidogo. Nilishuka bandarini Mkoani na begi la nguo, nikitarajia ami atanipokea na pikapu yake kama kawaida, nikamkuta kaja kwa gari ya abiria. "Gari imelala," akasema, akachukua begi, basi. Kwa mwengine hilo si neno. Lakini pikapu ile, Mitsubishi L200 ya zamani yenye injini ya dizeli ya 4D56, ndiyo inayotoa magunia ya karafuu shamba kuyapeleka kituo cha ZSTC, na kodi ya chumba ninacholala hapa chuoni inatoka humo humo. Msimu ulikuwa umeshaanza na karafuu zimeshaanikwa.

Kilichouma zaidi ni kwamba turbo ilikuwa imeshabadilishwa. Fundi wa gereji moja aliitoa ya asili, akafunga nyingine ya mtumba iliyoletwa kwa boti, akalipwa chake. Siku ya 9 gari ikaanza kupiga mluzi, ikatoa moshi wa buluu, ikashindwa kupanda mlima hata bila mzigo. Ami alikuwa na pesa ya turbo moja zaidi. Ya nne haikuwepo.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tuna gari kama hiyo nyumbani, na wengi wetu tukiambiwa "turbo imekufa" tunatuma pesa tu. Sikuwa fundi na bado si fundi. Nilishika tochi na spana chini ya usimamizi wa mzee mmoja wa mtaani aliyetengeneza malori maisha yake yote, na nikauliza maswali mpaka akanichoka.

Kwanza tuelewane turbo ni kitu gani. Takriban thuluthi ya nishati ya mafuta inayoungua kwenye injini hutoka na moshi, ikapotea. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili mwaka 1905 wazo la kuutumia moshi huo: uzungushe gurudumu dogo la mapanga, gurudumu hilo liwe kwenye shafti moja na gurudumu jengine, na lile la pili lisukume hewa iingie kwenye silinda kwa nguvu. Hewa zaidi, mafuta yanaungua vizuri zaidi, nguvu inaongezeka. Ndiyo maana turbo ikifa gari haizimiki, ila inakuwa nzito na inatoa moshi mweusi, kwa kuwa mafuta yanaingia na hewa haitoshi. Pemba yetu ni vilima na mabonde, kwa hiyo utalijua tatizo mapema kuliko mtu wa nchi tambarare.

Shafti hiyo kwenye turbo ndogo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na haikai kwenye beringi ya gololi. Inaelea ndani ya bushi juu ya utando mwembamba wa oili inayokuja kwa shinikizo kutoka kwenye injini, kisha oili inashuka yenyewe, kwa uzito wake tu, kurudi kwenye sampu. Yashike haya mawili, oili ya kuingia na oili ya kutoka. Kisa chote cha ami kiko hapo.

Nilipofika kwa mzee nilikuwa nimeshabeba boksi la spana. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia, "Yakhe, weka chini hizo. Kwanza tumtizame mgonjwa." Tukatoa mpira mkubwa unaotoka kwenye chujio ya hewa, tukamulika ndani. Ukilishika gurudumu kwa vidole na kulitikisa kushoto na kulia, mchezo mdogo ni wa kawaida, kwa sababu nafasi ile ndiyo ya oili. Ila mapanga yasiguse ukuta. Ukilivuta na kulisukuma, mbele na nyuma, usisikie kitu. Letu lilikuwa linatembea kama jino bovu, na mapanga yameshalika ncha. Utando kidogo wa oili kwenye mpira usikutishe, unatoka kwenye pumzi ya injini. Sisi tulikuta oili imekaa kama kikombe kilichomwagika.

Hapo mzee alimkataza ami kuiwasha gari hata kuisogeza, na sababu yake naomba usiipite haraka. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inachotaka ni hewa iliyobanwa na kitu cha kuungua, na oili pia inaungua. Sili za turbo zikipasuka, oili inanyonywa na injini kama mafuta, mzunguko unapanda wenyewe, unazima ufunguo na injini haisikii. Inapaa mpaka ivunjike. Ikikukuta, weka gia ya juu, kanyaga breki zote, achia klachi ife kwa nguvu. Au ziba njia ya hewa kwa ubao. Usitumie kiganja. Ukiona imeshapaa sana, kimbia, acha chuma kivunjike peke yake.

Kufungua kulituchukua siku nzima, na nusu ya siku hiyo ilikuwa nati 4. Jioni ya kabla tulizimwagia mafuta ya kulegeza kutu nati zote zinazoshika turbo kwenye manifoldi na bomba la ekzosi, tukaziacha zilale. Asubuhi injini ikiwa baridi tukatoa waya hasi wa betri, tukapiga picha kwa simu kila upande, halafu mipira ya hewa, kisha bamba la kukinga joto. Turbo yenye mabomba ya maji inataka umwage maji ya rejeta kwanza. Bomba la oili ya kuingia lina bolti yenye tundu katikati na washa za shaba juu na chini. La kutoka limefungwa kwa bolti 2 upande wa chini. Kila tundu tulilolifungua tuliliziba kwa kitambaa kisafi, na mzee alitaka mkia wa kitambaa uonekane kwa nje, usije ukasahauliwa ndani.

Nati iliyoshika kutu usiivamie kwa bomba refu. Ikaze kidogo kwanza, kama unairudisha, kisha ilegeze, rudia. Ikikataa, ipashe moto. Mimi niliivamia ya tatu, stadi ikakatika. Mzee hakusema kitu, alinitizama tu. Bahati kilibaki kipande cha nje cha kutosha: unafunga nati 2 zikabana zenyewe kwa zenyewe, unaweka spana kwenye ile ya ndani, stadi inatoka yote. Na ukishaitoa turbo, usiibebe kwa kile kifimbo cha pembeni kinachofungua mlango wa moshi. Kikipinda, presha yote inaharibika.

Sasa swali ambalo yule fundi wa mwanzo hakuliuliza: ilikufa kwa nini? Mzee alichukua bomba la oili ya kuingia, akapuliza kwa mdomo. Hewa haikupita. Akaingiza waya, ukatoka mkaa mweusi, mgumu kama ukoko wa sufuria. Ami ana tabia ya kupanda mlima na mzigo mzito kisha, akifika tu, anazima. Turbo ikiwa bado ya moto mno na oili imeshasimama, oili ile inaungua humo humo na kugeuka mkaa. Turbo ya kwanza ilikufa kwa kiu, ya pili ikafungwa kwenye bomba lile lile lililoziba. Ingefungwa mpya ya dukani nayo ingekufa. Na kuna la pili: kwenye bomba la kutoka tulikuta ukamba wa siliconi umening'inia ndani. Mtu alipaka siliconi badala ya gasketi, ilipobanwa ikaingia njiani. Oili isiposhuka inapanda, inatafuta njia kwenye sili, ndiyo ule moshi wa buluu.

Ami alikaa juu ya tairi kuukuu, kimya. Nadhani alikuwa anahesabu.

Turbo ya tatu ilipofika Mkoani tulikuwa tumeshasafisha bomba la kuingia mpaka mwanga unapita, tumeosha la kutoka kwa dizeli, tumemwaga oili yote na kubadilisha chujio yake, na tumefuta oili iliyotuama kwenye mipira ya hewa. Hili la mwisho wengi hulisahau, na oili ile ile ndiyo inayoweza kuipaisha injini siku ya kwanza. Washa mpya za shaba hatukuzipata. Mzee alizipasha zile za zamani mpaka zikawa nyekundu, akazitumbukiza majini. Shaba ikifanyiwa hivyo inalainika na kuziba tena. Gasketi tuliweka za chuma. Siliconi mzee aliitia mfukoni kwake.

Kufunga ni kinyume cha kufungua, ila nati za manifoldi unazikaza kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari hiyo hiyo. Kabla ya kufunga bomba la juu, mimina oili safi kwenye tundu na uzungushe gurudumu kwa kidole. Kisha usiwashe bado. Tulichomoa waya wa solenoidi inayokata mafuta kwenye pampu ya nozeli, nikapiga stata kwa sekunde 10, nikapumzisha, nikarudia, mpaka taa ya oili ikazima. Hapo unajua oili imefika juu kabla shafti haijaanza kukimbia. Waya ukarudishwa, gari ikawaka, ikaachwa silensa dakika kadhaa bila kukanyagwa. Ami alitaka kupiga resi asikie mluzi. Mzee alimshika mkono.

Jaribio la kwanza lilikuwa mlima wa kutoka bandarini Mkoani, na magunia 6 nyuma. Ilipanda kwa gia ya tatu, moshi hauonekani kwenye kioo. Tulipofika juu ami akaegesha, akapeleka mkono kwenye ufunguo, akaurudisha. Tukakaa dakika 2 injini ikinguruma polepole, hakuna aliyesema kitu, kisha akazima.

Wiki moja baadaye tulizirudia nati za manifoldi, injini ikiwa baridi. Mbili zilikuwa zimelegea.