"Patent": Neno Lenye Asili ya Uwazi

Mwanafunzi mmoja wa biolojia aliwahi kunijia na kitabu cha Kiingereza, akiwa ametatizwa na jina la hitilafu ya moyo wa watoto wachanga: "patent ductus arteriosus". Yeye alilijua neno "patent" kwa maana ya hataza, yaani haki ambayo dola humpa mvumbuzi. Basi akauliza, "Mwalimu, mshipa huu ni mali ya nani?" Swali hilo lilituchekesha sote, lakini halikuwa la kipuuzi. Jawabu lake limo katika asili ya neno lenyewe.

Asili ya neno

"Patent" latokana na kitenzi cha Kilatini "patere", maana yake kuwa wazi. Kabla mtoto hajazaliwa, mshipa mfupi huunganisha ateri ya mapafu na aota. Kwa kawaida mshipa huo hujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Usipojifunga, waganga husema kwamba ni "patent", yaani umebaki wazi.

Barua za mfalme

Katika Zama za Kati wafalme wa Uingereza walitoa barua za namna mbili. Barua za siri zilikunjwa na kutiwa muhuri, ili afungue mwandikiwa peke yake. Barua za wazi zilining'inizwa muhuri chini, hata kila mtu aweze kuzisoma bila ya kuuvunja. Kwa barua hizi za wazi mfalme aligawa ardhi, vyeo na idhini nyinginezo.

Mwaka 1449 Mfalme Henry wa Sita alimpa fundi John wa Utynam idhini ya kutengeneza vioo vya rangi peke yake kwa miaka 20, kwa sharti kwamba awafundishe Waingereza ufundi huo. Baadaye idhini hizi zilitumiwa vibaya: Malkia Elizabeth wa Kwanza alitoa ukiritimba hata wa karata za kuchezea. Ndipo mwaka 1624 Bunge lilipopiga marufuku ukiritimba wa namna hiyo, likaruhusu ule wa uvumbuzi mpya tu, kwa muda usiozidi miaka 14.

Maana yake leo

Wengi hudhani kwamba hataza huficha maarifa. Kinyume chake ndicho kweli. Hataza ni mapatano: mvumbuzi aeleze wazi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, na dola imlinde kwa muda maalumu. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994 umeagiza kwamba muda huo usipungue miaka 20 tangu maombi yawasilishwe. Muda ukiisha, uvumbuzi huwa wa wote. Hataza ya James Watt ya mwaka 1769, iliyohusu injini ya mvuke, ilikoma mwaka 1800, na mafundi wengine wakawa huru kuitumia.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, maelezo ya hataza ni hazina ya kusomwa, si mlango uliofungwa. Pili, mwanafunzi aliyebuni kifaa kipya atake shauri kabla ya kukionyesha hadharani. Sheria hudai uvumbuzi uwe mpya, na katika nchi nyingi kuuonyesha kabla ya maombi huweza kumpotezea haki. Uwazi una wakati wake.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya barua ya siri na barua ya wazi ya mfalme.
2. Kwa nini dola humtaka mvumbuzi aeleze uvumbuzi wake?