Fahamu Ramani ya Ardhi Yako: Kisichoonekana Chini ya Miti

Mkazi wa Basuba, Mangai au Mararani, Kaunti ya Lamu, anaijua njia ya kisimani hata usiku. Lakini kisima kilichofunikwa na miti ya Msitu wa Boni kinaweza kukosekana kwenye ramani.

Ramani ya topografia ni nini?

Ni ramani inayoonyesha sura ya nchi: vilima, mabonde, mito, misitu, barabara na makazi. Katika ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Mistari ya kontua huunganisha mahali penye kimo sawa kutoka usawa wa bahari. Ikikaribiana, pana mteremko mkali. Ikiachana, ardhi ni tambarare.

Kwa nini msitu wa pwani ni mgumu kupima?

Ramani nyingi huchorwa kutokana na picha za ndege au setilaiti. Picha hizo huonyesha vilele vya miti na mikoko, si ardhi iliyo chini yake. Vifaa vya leza vinavyobebwa na ndege hupenya mianya ya majani na kupima ardhi yenyewe, ila gharama yake ni kubwa. Tena, sehemu kubwa ya Lamu ni tambarare. Kontua zikichorwa kila mita 20, kiinuko cha mita 15 kinaweza kukosa hata mstari mmoja, ingawa ndicho kimbilio la watu wakati wa mafuriko.

Mwananchi ana kazi gani?

Picha haisemi jina la mahali, wala kama maji ya kisima ni matamu au ya chumvi. Hayo hujulikana kwa kuuliza wenyeji.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, jamii huchagua kamati ya watu 7 hadi 15 ya kusimamia ardhi yake, na mipaka hupimwa na kuchorwa kabla ya usajili. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii.

Kwa hivyo wapimaji wakifika, wazee, warina asali, wavuvi na akina mama wanaoteka maji waandamane nao. Waonyeshwe visima, njia na makaburi, na majina yaandikwe kama yanavyotamkwa. Rasimu ikiletwa barazani, kilichosahaulika kitajwe kabla haijapitishwa. Kisima kisichochorwa ni rahisi kupitishiwa barabara.