SOMO LA UFUNDI: Kikuza Sauti cha Gitaa Kisije Kumuua Mpigaji



Tarehe 3 Mei 1972, katika ukumbi mmoja wa mji wa Swansea, huko Wales nchini Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni ambayo haikuunganishwa na ardhi. Umeme ukampiga mbele ya watazamaji, akafa. Hakuwa anatengeneza mashine yoyote. Alikuwa kazini kwake, kama wewe unavyokuwa kazini kwako kiwandani au shambani.

Bendi za wafanyakazi si jambo geni kwetu. Nchini Tanzania, chama cha NUTA kilianzisha NUTA Jazz Band mwaka 1964. Baadaye bendi hiyo ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, kwa kufuata majina ya chama, na hatimaye Msondo Ngoma. Vyombo vya bendi vikiwa mali ya chama, usalama wa anayevipiga ni jukumu la chama pia. Kwa hiyo somo letu linahusu kikuza sauti cha zamani cha valvu, yaani kile chenye taa za kioo ndani. Tutachukua mfano wa Vox AC30, kilichoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1959. Kina valvu nne za EL84 za kusukuma spika na nguvu ya wati 30 hivi.

1. KABLA YA KUGUSA

Redio ya betri ukiikosea inanyamaza. Kikuza sauti cha valvu ukikikosea kinaweza kukuua, hata kama plagi umekwisha kuichomoa. Ndani yake mna volti 300 na zaidi, na kapasita kubwa za kuchuja umeme huweza kushika volti hizo muda mrefu baada ya kuzimwa. Fuata hatua hizi kila mara, bila kuruka hata moja:

(a) Zima swichi, chomoa plagi, na uiweke mahali unapoiona, asije mwingine akaichomeka. Ngoja valvu zipoe.

(b) Chukua rizista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 10, iliyofungwa kwenye waya wenye ngozi nzuri. Bana ncha moja kwenye fremu ya chuma, na ncha ya pili iguse upande chanya wa kila kapasita kubwa kwa sekunde kadhaa. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche zake huharibu kapasita na macho.

(c) Pima kwa mita. Ikisoma chini ya volti 10, endelea. Pima tena baada ya dakika chache, kwa maana kapasita huweza kujirudishia volti kidogo.

(d) Inapobidi kupima umeme ukiwa umewashwa, tumia mkono mmoja tu. Mwingine uweke mfukoni. Umeme unaopita kutoka mkono hadi mkono hupita kifuani. Usifanye kazi hii peke yako.

Fundi wa kiwandani ataona kwamba huu ni utaratibu ule ule wa mashine kubwa: zima, tenga, ondoa nguvu iliyobaki, pima, ndipo uguse.

2. KUTAFUTA UBOVU

Kwanza tazama umeme uliokusudiwa. Katika nchi zetu umeme wa nyumbani ni volti 220 hadi 240. Kikuza sauti kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kinataka volti 120 hivi. Kisipopata transfoma ya kupunguza, kitaungua mara moja. Pili, usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti inaweza kupasuka ngozi yake ya ndani. Transfoma hiyo ni ghali kuliko valvu zote.

Ukikiwasha kwa mara ya kwanza baada ya matengenezo, pitisha umeme katika balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfuatano na waya wa moto. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, ni dalili nzuri. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti, zima.

Fyuzi inakatika. Fyuzi ni mlinzi. Anayeweka msumari, karatasi ya sigara au fyuzi kubwa zaidi amemfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Tafuta kwanza kilichoikata.

Mvumo. Punguza kitufe cha sauti hadi sifuri. Mvumo ukibaki vile vile, chanzo kiko baada ya kitufe: mara nyingi ni kapasita za kuchuja, ambazo hukauka kwa uzee. Mvumo ukipungua pamoja na kitufe, tazama waya wa gitaa na valvu ndogo za mwanzo.

Mikwaruzo. Safisha vitufe na miguu ya valvu. Halafu gonga kila valvu polepole kwa penseli kavu. Ile inayolia kama kengele katika spika imechoka. Ibadilishe kwa nyingine unayojua ni nzima.

Valvu inageuka nyekundu. Nyuzi za ndani kuwaka rangi ya chungwa ni kawaida. Bali lile bamba la chuma la kijivu likiwa jekundu, zima upesi. Sababu moja kubwa ni kapasita ndogo inayopeleka sauti kwenye valvu kuvuja volti. Katika AC30, gridi ya valvu ya EL84 ipimwe kwa kulinganishwa na fremu: inapasa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma volti kadhaa hata valvu hiyo ikiwa imetolewa, badilisha kapasita hiyo, la sivyo valvu mpya itakufa kama ya kwanza.

3. KUBADILISHA

Vijana wengi wanapenda kuanza hapa ili gitaa lilie zaidi. Si vibaya. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake wa London walichukua mfano wa Fender Bassman wa Marekani, wakatumia vipuri vilivyopatikana kwao, na kikazaliwa kikuza sauti kilichopata sifa duniani. Lakini walijua kwanza kila kipande kinafanya nini.

Badiliko la kwanza liwe la kulinda maisha. Vikuza sauti vingi vya zamani vya Marekani vina waya wa nyuzi mbili tu, na kapasita moja inayounganisha waya wa umeme na fremu. Fremu hiyo ndiyo nyuzi za gitaa. Kapasita hiyo ikipiga shoti, mpigaji ameshika umeme wa nyumba, na midomo yake iko kwenye maikrofoni. Ikate uitoe. Funga waya wa nyuzi tatu: wa kijani na manjano ufungwe kwa boliti yake yenyewe kwenye fremu, wa kahawia ndio wa moto, upite kwenye fyuzi na swichi, wa buluu ndio wa kurudi. Angalia sana: katika nyaya za Uingereza za zamani mweusi ni wa kurudi, lakini katika za Marekani mweusi ndio wa moto. Soketi ya ukumbi nayo ipimwe, maana waya wa ardhi usiofika ardhini ni pambo.

Badiliko la pili ni kupunguzia valvu mzigo. Katika AC30, valvu nne zinatumia rizista moja ya omu 50. Tuseme mita inasoma volti 10 juu yake. Gawa 10 kwa 50: mkondo ni ampea 0.2, yaani 0.05 kwa kila valvu. Zidisha kwa volti 310 za bamba: wati 15 hivi. Kikomo cha EL84 kwa mujibu wa watengenezaji ni wati 12. Valvu hizo zinafanyishwa kazi kupita kiasi tangu zinapowashwa, hata gitaa likiwa kimya. Mafundi wengi huweka rizista ya omu 68 au 82 yenye uwezo wa wati 10. Sauti haipungui sana, na valvu hudumu zaidi. Pima tena na upige hesabu upya.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini kuchomoa plagi peke yake hakutoshi?
2. Mvumo usiopungua kwa kitufe cha sauti unaonyesha nini?
3. Rizista ya omu 82 inasoma volti 12.3. Kila valvu kati ya nne inapitisha mkondo gani?
4. Katika ukumbi wenu, ni nani aliyepima waya wa ardhi wa soketi, na lini? Kama hakuna, kikundi kiamue nani atapima kabla ya dansi ijayo.