SOMO LA MBAO: MCHERI WA MILIMANI NA KAZI YA SAMANI

Vyama vya msingi vingi hununua meza, viti na makabati kwa fedha za wanachama. Yafaa basi katibu na wajumbe wa kamati waijue mbao kabla ya kutia sahihi hati ya malipo. Somo hili lahusu mbao moja inayopatikana katika nyanda za juu, nayo ni ya mcheri wa milimani.

Mti na jamaa zake

Kitaalamu mti huu huitwa Prunus africana, na Wakikuyu wa Kenya huuita muiri. Ni wa jamii moja na mipichisi, miplamu na micheri ya Ulaya. Humea katika misitu ya milimani, ukiwamo msitu wa Mlima Rungwe. Gome na majani yake yakipondwa hutoa harufu kama ya lozi chungu, na hiyo ni dalili nzuri ya kuutambua.

Huko Marekani mafundi husifu mbao ya mcheri wao, Prunus serotina, kwa kuwa ni laini kuchonga na rangi yake hukolea kwa mwanga. Mita moja ya ujazo ya mbao hiyo ikiwa kavu haifiki kilo 600. Ya mcheri wa Afrika hupita kilo 700. Kwa hiyo fundi asitazamie wepesi ule ule.

Sifa na kasoro

Mbao hii ni nyekundu, ngumu na nzito, nayo hung'aa ikipigwa randa kali, msasa na vanishi. Hufaa miguu ya meza, viti, sakafu na mipini. Kasoro yake kubwa ni kupasuka na kujipinda wakati wa kukauka. Misumari nayo huipasua isipotobolewa kwanza kwa keekee.

Mbao husinyaa kwa upana, wala si kwa urefu. Ichukuliwe kwamba meza ya upana wa sentimita 75 imetengenezwa kwa mbao mbichi itakayosinyaa kwa asilimia 4. Meza hiyo itapungua sentimita 3. Ikiwa imegandamizwa kwa misumari, haina budi kupasuka, na hasara ni ya chama.

Kukausha

Kyimo, kama sehemu kubwa ya Rungwe, ina mvua nyingi, hivyo mbao hazikauki upesi. Mbao zipangwe chini ya paa, juu ya magogo, na kati ya safu na safu ziwekwe fito za unene mmoja ili hewa ipite. Ncha zipakwe rangi au nta, kwa maana ndizo zinazokauka kwanza na kupasuka. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kipande kimoja kipimwe kwenye mizani kila juma. Uzito ukiacha kupungua, mbao iko tayari.

Sheria na akiba

Gome la mti huu hununuliwa kwa dawa ya tezi ya wanaume wazee. Kwa sababu ya biashara hiyo miti mingi ya Afrika iliangamia, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Kuchuna gome kuzunguka shina lote huua mti. Msitu wa Mlima Rungwe ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na kukata miti humo ni kosa.

Katibu asikubali mbao isiyo na kibali cha uvunaji, alama ya nyundo na hati ya kusafirishia. Bei ndogo isiyo na karatasi huweza kukigharimu chama mali na jina. Panapokosekana mbao halali, paini iliyokaushwa vema yatosha kwa kabati la ofisi. Wanachama wenye nafasi wapande mcheri mipakani mwa mashamba. Mbegu zioteshwe zikiwa mbichi, kwani hazikai sana.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini ncha za mbao hupakwa rangi?
2. Chama kina mbao za unene wa inchi 2. Zitahitaji muda gani?
3. Ni hati zipi katibu atazidai kabla ya kulipa?