NYUMBA YA BATI: KWANZA KAZI, KISHA NYUMBA

Dhahabu ya Ituri ilionekana mwaka 1903, na tangu hapo machimbo yamevuta watu wengi na biashara nyingi. Leo nyumba za bati, ambazo wengi huziita nyumba za manjanja, zaonekana kila mahali: Saio mjini Bunia, na vijijini Nizi, Kilo na Mongbwalu. Mtu akipata fedha ya mavuno au ya machimbo, mara nyingi hununua bati kwanza, ndipo auliza, "Nitajenga nini?" Hiyo si njia njema. Ulizeni kwanza: Ndani yake kutakaa nini? Watu, mahindi, mbuzi, au mashine? Nyumba inayofaa mbuzi yaweza kuozesha mahindi.

1. TABIA YA BATI

Bati lina wema wake. Haliungui upesi kama majani, mchwa hawalili, panya hawalitoboi, na mvua haipiti.

Lakini lina tabia mbili mbaya. Ya kwanza, jua likiwaka, bati hupata moto na kuutupa ndani ya nyumba. Ya pili, usiku bati hupoa upesi. Hewa ya ndani yenye unyevu ikigusa bati la baridi, hugeuka kuwa matone ya maji, na matone hayo huanguka juu ya vitu vilivyo chini. Watu husema, "Paa linavuja," kumbe halivuji. Bati linatoa jasho. Katika nchi ya juu kama yetu, yenye usiku wa baridi, sharti tulifikiri sana jambo hili.

Dawa ya moto na ya jasho ni moja: hewa ipite. Palipo na nafasi ya hewa kati ya ukuta na paa, na dari ya matete au mbao chini ya bati, taabu hupungua sana.

2. NAMNA ZA NYUMBA NA KAZI ZAKE

Nyumba ya watu. Paa liwe la bati, lakini ukuta uwe wa matofali au udongo, kwani udongo haupati moto upesi kama bati. Wekeni dari, na madirisha yatazamane. Nyumba yenye ukuta wa bati pia ni moto mchana na baridi usiku, nayo haifai watoto wadogo wala wagonjwa.

Banda la wazi. Hili ni nguzo na paa tu, bila ukuta, au lenye ukuta mfupi upande wa upepo. Lafaa kukausha mahindi wakati wa mvua, kuweka kuni, na kusimamisha mashine ya kusaga, kwa sababu moshi wa mashine huua mtu katika chumba kilichofungwa. Ng'ombe na mbuzi pia wapenda hewa. Lakini msiweke bati chini karibu na samadi, kwani mkojo wa wanyama hulila kwa kutu. Chini tumieni miti au mawe. Bati libaki juu.

Ghala. Hapa twaweka magunia ya mahindi, maharagi, karanga au kahawa iliyokwisha kukauka. Sakafu iinuliwe juu ya nguzo kiasi cha mita 1, na kila nguzo ivikwe kofia pana ya bati iliyoinamia chini, ili panya asipande. Wekeni matundu ya hewa juu, yenye wavu. Magunia yakae juu ya mbao, yasiguse ukuta. Acheni nafasi ya kupita mtu. Viazi msiviweke pamoja na mahindi, kwa kuwa vinatoa unyevu.

Pipa kubwa la bati, liitwalo silo. Hili halina hewa kabisa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Likijazwa na kufungwa vema, fukusi waliomo hukosa hewa na kufa. Msilifungue wiki 4 za kwanza. Lakini nafaka iliyo ndani sharti iwe kavu sana, na pipa likae kivulini chini ya paa. Likipigwa na jua mchana na baridi usiku, hutoa jasho ndani, na mahindi ya juu huoza.

Kontena. Ni sanduku kubwa la chuma la merikebu; lile dogo lina urefu wa mita 6. Lafaa kufungia majembe, vyombo na vipuri, kwa maana mwizi hulishindwa. Halifai kulala watu, wala kuweka mavuno yenye unyevu. Mtu akipenda kulitumia kwa mavuno, sharti alikatie matundu ya hewa na kulijengea paa la kivuli juu yake.

3. MAHINDI YENYE UNYEVU HUUA

Wengine watasema, "Mahindi yakiota ukungu kidogo, tutayaosha na kuyapika." Wasikieni watu wa Kenya. Mwaka 2004, katika nchi ya Makueni na Kitui na jirani zake, watu walivuna mahindi na kuyaweka nyumbani yangali na unyevu. Ukungu ukaingia, ukaleta sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini. Watu 317 waliugua. Kati yao 125 walikufa. Sumu hiyo haiishi kwa kupika, na wala haionekani kwa macho.

Basi kabla ya kufunga ghala au pipa, pimeni hivi. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi na chumvi kavu kidogo, fungeni, mtikise, kisha mngoje kidogo. Chumvi ikishika kioo, mahindi hayajakauka: anikeni tena. Chumvi ikianguka chini bila kushika, mahindi yafaa kuwekwa ghalani kwa magunia. Kwa pipa lisilo na hewa, yaanikeni zaidi hata baada ya kipimo hiki.

4. NYUMBA YA MACHIMBO ISIWE NYUMBA YA CHAKULA

Jambo hili ni la watu wa machimbo hasa. Wengi hushika dhahabu kwa zebaki, yaani maji mazito yenye rangi ya fedha, kisha huichoma kwa moto. Zebaki inapochomwa haiishi. Hupanda kama moshi usioonekana, na ikigusa paa la baridi hugeuka tena na kushika huko juu. Hukaa katika bati, ukuta na vumbi la sakafu. Anayevuta hewa hiyo huharibika ubongo na mafigo, na mtoto aliye tumboni mwa mama hupata hasara kubwa kuliko wote.

Kwa hiyo banda lililotumika kuchomea zebaki lisigeuzwe kamwe kuwa ghala, jiko wala chumba cha kulala, hata likifagiliwa. Msikinge maji ya mvua kutoka paa lake. Mabati yake msiyahamishie nyumba ya watu. Vilevile mapipa yaliyochukua mafuta, sianidi au dawa nyingine ya machimbo yasitiwe nafaka wala maji. Bei yake ni ndogo, lakini hasara yake ni kubwa.

5. KUNUNUA NA KUPIGILIA

Tazameni namba ya bati. Namba inapopanda, bati huwa jembamba: BG 28 ni nene kuliko BG 32. Kwa banda la kuni jembamba laweza kutosha. Kwa nyumba ya watu na ghala, nunueni lililo nene, kwani jembamba hupindwa na upepo na kuliwa upesi na kutu.

Paa literemke vema: kwa kila mita 4 za mlalo, lipande mita 1 au zaidi. Bati la juu lilalie la chini kiasi cha sentimita 20. Misumari ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni panapopita maji. Fungeni miti ya paa na nguzo kwa nguvu, maana upepo wa mvua huingia chini ya bati na kulinyanyua.

Paa safi ni kisima pia. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita 30 za mraba yaleta maji karibu lita 300.

MAULIZO

1. Kwa nini bati hutoa maji usiku ingawa mvua hainyeshi?
2. Una mbuzi 6 na magunia 10 ya mahindi. Utajenga nyumba ngapi, na za namna gani?
3. Utajuaje kama mahindi yamekauka?
4. Jirani yako akuuzia kwa bei ndogo mabati ya banda la kuchomea dhahabu. Utamjibu nini?