Qad-h: Neno la Kale la Matabibu wa Macho

Ndugu wanafunzi, kila aliyehifadhi Juzuu Amma amelitamka neno qad-han katika Suratul Aadiyaat, pale farasi wanapogonga mawe kwa kwato cheche zikaruka. Mmoja wenu alikuta katika kamusi kwamba qadaha hutumika pia kwa jicho, kwa maana ya kulitoa maji mabovu. Akatuuliza: je, bibi yake mwenye mtoto wa jicho aweza kutibiwa kwa qad-h?

Tuanze na neno. Matabibu wa zamani, tangu Wayunani, walidhani kuna maji yanayoteremka na kuganda nyuma ya mboni. Waarabu wakayaita maradhi hayo nuzuulul-maa, yaani kushuka kwa maji. Qad-h ilikuwa tiba yake: tabibu aliingiza sindano, miqdah, ubavuni mwa jicho, akausukuma ule ukungu chini hadi njia ya nuru ikawa wazi. Ammar bin Ali al-Mawsili, aliyefanya kazi Misri zama za al-Haakim (996–1021), alieleza sindano yenye tundu ya kuunyonya ukungu huo. Na ganzi ya leo haikuwapo! Katika karne ya 11 Constantinus Africanus alipofasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini, aliyaita maradhi hayo cataracta, maporomoko ya maji. Ndiyo katarakti ya madaktari wetu.

Lakini maji hayo hayapo. Kinachoingia ukungu ni lenzi ya jicho yenyewe, na hili lilibainika Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 18. Kwa hiyo qad-h haikutoa kitu. Iliizamisha lenzi ndani ya jicho. Mgonjwa aliona siku ile, lakini wengi walipofuka baadaye kwa uvimbe au kwa shinikizo la jicho kupanda. Mwaka 1747 Jacques Daviel alianza kuitoa lenzi yenyewe, na mwaka 1949 Harold Ridley akaweka lenzi ya bandia mjini London.

Al-Mawsili tunamheshimu kwa alichokijua zama zake. Ila wapo waganga barani Afrika wanaosukuma lenzi kwa sindano mpaka leo, na jicho likishaharibika hivyo huwa vigumu kuliokoa. Jibu letu kwa mwenzenu lilikuwa fupi: mpeleke bibi kliniki ya macho. Upasuaji wenyewe kwa kawaida haumalizi saa moja.